Pima Maji Kwanza, Ndipo Ununue Vinyunyizio vya Bustani



Katika ziara zetu za miradi hapa Unguja tumekuta nyumba kadhaa zenye bustani ya ukoka na vinyunyizio vya maji (springla) visivyofanya kazi. Kimoja kinadondosha matone, kingine hakizunguki kabisa. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kosa ni kwamba kilinunuliwa kabla ya kupima maji. Kabla ya kutoa fedha yako, zingatia mambo yafuatayo.

1. Msukumo wa maji
Maji ya tangi hupata msukumo kutokana na urefu wa tangi lenyewe. Kila mita 10 za urefu hutoa takriban baa 1. Hivyo tangi lililo juu ya mnara wa mita 4 hutoa baa 0.4 tu. Vinyunyizio vingi visivyozunguka huhitaji baa 2 hivi, na vinavyozunguka huhitaji zaidi ya hapo. Kama huna pampu, usivinunue. Tumia mpira wa kumwagilia au umwagiliaji wa matone, ambao hutosheka na msukumo mdogo.

2. Wingi wa maji
Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba, pampu ikiwa inafanya kazi, kisha tazama saa. Ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 20 kwa dakika. Kinyunyizio kisichozunguka cha duara kamili, kinachorusha maji mita 4.5, hutumia lita 14 hivi kwa dakika. Cha nusu duara lita 7. Cha robo duara lita 3.5. Kwa hiyo unaweza kufungua kwa pamoja vinne vya robo, lakini si viwili vya duara kamili.

3. Aina na nafasi
Kwa ua mdogo, kama zile za Mji Mkongwe, visivyozunguka vinatosha. Kwa kiwanja kipana chagua vinavyozunguka. Hurusha mbali na kutoa maji polepole, udongo ukapata muda wa kunywa. Usichanganye aina hizi mbili kwenye laini moja, maana sehemu moja itafurika wakati nyingine bado ni kavu. Vipange ili maji ya kimoja yafike kilipo kingine. Wakati wa kusi upepo huyapeperusha maji, hivyo mwagilia alfajiri.

4. Chumvi
Chini ya ardhi yetu, hasa karibu na pwani na kwenye uwanda wa mawe wa mashariki na kusini, maji baridi yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta mno, chumvi hupanda kisimani. Maji yenye chumvi yakirushwa juu ya majani huyaunguza. Hapo umwagiliaji wa matone ni bora zaidi. Kumbuka pia kwamba kisima chako na cha jirani hunywa mahali pamoja.

Je, bustani hii inastahili maji haya?
Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bustani ya mita 10 kwa 10 ikipewa milimita 5 kwa siku hunywa lita 500, yaani ndoo 25. Wapo akina mama mtaani wanaopanga foleni kwa ndoo mbili.

Hatusemi ukoka ni dhambi. Tunasema punguza eneo lake, funga vinyunyizio mvua za masika na vuli zinaponyesha vizuri, na sehemu nyingine panda mchicha au bamia, kisha ufunike udongo kwa majani makavu. Kwa Mkristo na kwa Mwislamu, maji ni neema ya Mungu. Sisi ni mawakili wake tu, na wakili mwema hupima kabla ya kutumia.