Kumpima Mhasibu Mwanafunzi Akiwa Kazini

Kila mwaka vyuo vya uhasibu hapa nchini hupeleka wanafunzi wao kwenye mafunzo kwa vitendo, na baadhi yao hufika Korogwe na Handeni: kwenye halmashauri, hospitali, SACCOS na ofisi za kanisa. Mwanafunzi huja na barua ya chuo na kitabu cha kumbukumbu ambamo huandika kazi ya kila siku, na msimamizi wake hutia saini. Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza wanakamati wa parokia na wafadhili wetu kinachopaswa kufanyika kabla ya saini hiyo.

Jambo hili si dogo. Baada ya mwaka mmoja au miwili kijana huyu anaweza kuajiriwa kuwa mhasibu pekee wa zahanati au shule. Katika ofisi kubwa ya Dar es Salaam kosa lake litaonwa na mkubwa wake siku hiyo hiyo. Kwenye zahanati ya kijijini huku Handeni linaweza kukaa mpaka mkaguzi wa nje afike, na wakati huo dawa zimeshakosa fedha.

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972, haimsajili mtu kuwa CPA kwa kufaulu mitihani peke yake. Inataka pia uzoefu wa kazi wa miaka 3. Kiwango cha kimataifa cha elimu ya uhasibu namba 5, kilichorekebishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Julai 2015, kinaruhusu uzoefu upimwe kwa kazi ambazo mtu ameonyesha kuziweza, badala ya kuhesabu miaka tu. Mwanafunzi wa chuo bado yuko mbali na CPA, lakini sisi tunaona kipimo hicho kinamfaa tangu wiki ya kwanza.

Tuchukue mfano wa usuluhishi wa benki. Daftari la fedha la parokia linaonyesha salio la sh. 1,840,000. Taarifa ya benki inaonyesha sh. 2,115,000. Mwanafunzi anapaswa kugundua kuwa ipo hundi ya sh. 300,000 ambayo aliyelipwa hajaipeleka benki, na makato ya benki ya sh. 25,000 ambayo hayajaandikwa kwenye daftari. Akitoa hundi upande wa benki na makato upande wa daftari, pande zote mbili zinabaki na sh. 1,815,000. Mwalimu wa chuo angempa alama zote hapo. Mlezi mzuri anaendelea kuuliza: hundi hiyo ni ya nani? Imekaa muda gani? Umempigia simu? Mwanafunzi aliyejifunza kazi atakuwa amekwisha kuuliza kabla hajaulizwa. Yule anayeandika “tofauti” na kuendelea na mambo mengine hajaiva, hata kama mwandiko wake ni mzuri.

Yapo pia mambo ambayo vitabu vya chuo haviyagusi sana. Waumini wanapoleta mahindi kwa sadaka ya mavuno, nani anahesabu magunia, yanaandikwa wapi, na yakiuzwa baada ya miezi miwili kwa bei nyingine inaonekanaje kwenye hesabu? Au kijana amepewa masurufu, akapanda bodaboda kwenda Sindeni, na dereva hana stakabadhi. Wapo wanaokwenda dukani kuomba stakabadhi ya bure ili karatasi zitimie. Njia ya halali ni fomu ya kukiri malipo, yenye jina la dereva, namba ya simu, safari na saini yake. Hapo mlezi anapima uaminifu pamoja na ufundi, na tunashauri aandike alichokiona kwa maneno, kwa kuwa alama ya 7 kati ya 10 haimwambii mtu yeyote kitu.

Tunapendelea mlezi na mtathmini wawe watu wawili. Mlezi anakaa na mwanafunzi na kumrekebisha kila siku. Ni vigumu mtu huyo huyo kumhukumu bila upendeleo, hasa kijana akiwa mpole na mwenye heshima. Mtathmini anaweza kuwa mhasibu wa taasisi jirani. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 hivi za lami, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mfadhili akiona nauli hiyo kwenye bajeti asidhani ni matembezi.

Kamati ya parokia haihitaji kuwa na wataalamu. Impatie mwanafunzi meza, imtaje mlezi mmoja kwa jina, na itenge saa moja kila Ijumaa ya kupitia kitabu cha kumbukumbu pamoja na hati zenyewe, kabla ya kusaini. Asipewe mamlaka ya kutia saini hundi, wala asiachiwe ufunguo wa sanduku la fedha. Anapoondoka, nakala ya tathmini ibaki kwenye jalada la parokia, ili akirudi kuomba kazi muwe na cha kusoma.