Pikapu ya Chama: Sahili au ya Kisasa?

Ununuzi wa gari ni miongoni mwa mambo machache yawezayo kuujaza ukumbi wa mkutano mkuu wa chama cha msingi. Suala la mbolea hujadiliwa nusu saa. Suala la gari hujadiliwa mpaka jua linatua. Wala si ajabu, kwa kuwa fedha za gari hutokana na makato ya kila kilo ya zao iliyofikishwa kwenye mizani, na kosa likitendeka hapo hapana wa kulilipa ila mkulima yule yule. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo baina ya aina mbili za pikapu zipatikanazo siku hizi, yaani ile sahili isiyo na makuu, na ile ya kisasa iliyosheheni vyombo vya umeme, ili katibu na wajumbe wa bodi wajue la kumwuliza muuzaji kabla ya hundi kutiwa saini.

Wazee wa vyama wanaikumbuka Peugeot 404, gari ambalo umbo lake la saluni lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na ambalo umbo lake la pikapu lilibeba ndizi, kahawa na abiria bila kuchagua. Wanaikumbuka pia Land Rover ya kuchongeka mabati. Toyota Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, na Land Cruiser ya jamii ya 70 ilitoka mwaka 1984. Hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo kielelezo cha pikapu sahili ambacho bado kinaonekana barabarani kila siku, hospitalini, migodini na katika mbuga za wanyama.

Injini iliyoijengea sifa gari hiyo katika Afrika ni ile iitwayo 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Ni injini ya dizeli yenye silinda sita na ujazo wa sentimeta za ujazo 4,164, isiyo na tabo. Bomba lake la dizeli huzungushwa na injini yenyewe, na mafuta hugawanywa kwa kila silinda kwa njia ya vyuma vinavyosukumana. Fundi mwenye ujuzi akisikia mlio mbaya huweza kulegeza bomba la nozeli moja baada ya nyingine na kutambua silinda iliyo na hitilafu kwa sikio lake tu. Upande wa nyuma gari hukalia springi za mabamba, na bamba likivunjika hutolewa na kutiwa jingine kwa spana na nyundo chini ya mwembe. Hata hivyo gari sahili si gari lisilotaka matunzo. Injini hiyo ina mkanda wa ndani ambao hauna budi kubadilishwa kila baada ya kilometa 100,000 hivi. Chama kinachoahirisha gharama hiyo kwa kuwa gari “bado linavuta” huja kununua injini nzima.

Pikapu ya kisasa hutenda kazi ile ile kwa njia nyingine kabisa. Dizeli husukumwa katika bomba moja la pamoja lenye mgandamizo mkubwa mno, kisha kompyuta huamuru kila nozeli ifunguke na kufungwa kwa kipimo cha sehemu ndogo sana za sekunde. Ili kuupata ukubwa wa mgandamizo huo, mtu na afikiri tairi la pikapu iliyobeba mzigo, ambalo hujazwa upepo wa ba 4 hivi. Nozeli za injini ya zamani kama 1HZ hufunguka kwenye ba 150 hivi. Bomba la kisasa hufikia ba 2,000, nao ni mgandamizo wa tairi mara mia tano. Faida yake ni dhahiri: Hilux yenye injini ya dizeli ya lita 2.4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015, hutoa nguvu za farasi 150 hivi, ilhali 1HZ yenye ujazo wa lita zaidi ya 4 hutoa 130 hivi. Injini ndogo hivyo huvuta zaidi na kunywa mafuta kidogo, na katika chama ambacho gari hutembea barabara ya lami kila siku tofauti hiyo ya mafuta ni fedha nyingi kwa mwaka.

Lakini chombo kinachofanya kazi kwa mgandamizo wa namna hiyo hakivumilii uchafu. Nafasi iliyopo baina ya vyuma vya nozeli za kisasa ni nyembamba kuliko unywele kwa mara nyingi, na tone la maji au chembe ya vumbi huweza kuikwaruza. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli kisichozidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni, na hatua hiyo ilikuwa kubwa na njema. Kiwango hicho, hata hivyo, ni cha dizeli inavyoingia nchini. Hakisemi lolote kuhusu pipa lililokaa wazi nyuma ya ghala tangu msimu uliopita, wala kuhusu dumu la manjano lililobebwa kwa baiskeli. Injini ya zamani ikinywa dizeli ya namna hiyo hukohoa, chujio hubadilishwa, na safari ikaendelea. Injini ya kisasa huweza kuharibika nozeli zote kwa pamoja, na mara nyingi bomba la mgandamizo pia, navyo ni vipuri vya bei kubwa. Kwa hiyo chama kinachohifadhi mafuta yake kwenye mapipa kinapaswa kutazama mapipa yake kwanza, kisha ndipo kitazame gari.

Jambo la pili linalohusu dizeli ni chujio la masizi. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye sheria kali za moshi huwa na kopo maalumu kwenye ekzosi linalonasa masizi. Kopo hilo likikaribia kujaa, gari huyachoma masizi hayo kwa joto la nyuzi 600 hivi za sentigredi. Ili joto lipatikane, injini hutakiwa iende kwa muda bila kukatizwa. Gari linalotambaa kutoka kituo kimoja cha kununulia mazao hadi kingine, likizimwa na kuwashwa kila baada ya kilometa mbili, halipati nafasi hiyo, na chujio huziba. Nchini Australia hitilafu ya vyombo hivyo ilifika mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba magari ya dizeli ya Hilux, Fortuner na Prado yapatayo 264,000, yaliyouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, yalikuwa na dosari katika mfumo wa chujio la masizi, na huko dosari ilijitokeza hasa kwenye mwendo wa kasi wa mfululizo. Ikiwa kiwanda chenye sifa kubwa kiasi hicho kilitatizwa katika nchi yenye gereji kila mji, yafaa chama cha msingi kijue mapema kama gari kinalolitaka lina kopo hilo au halina. Magari mapya yaliyoagizwa na mawakala kwa ajili ya Afrika aghalabu hayana. Yale yaliyotumika, yatokayo Japani au Uingereza, huenda yakawa nayo.

Yaliyobaki katika pikapu ya kisasa ni mchanganyiko wa mambo ya manufaa na ya kupendeza macho. Ufunguo wenye chombo cha umeme ndani yake huzuia wezi, lakini ukipotea hauchongwi kwa fundi wa vitasa sokoni. Hutakiwa kuandikishwa upya kwenye kompyuta ya gari. Kioo cha mbele chenye kamera nyuma yake kikipasuliwa na kokoto, kupachika kioo kipya ni nusu ya kazi, kwani kamera nayo lazima ipimwe na kurekebishwa kwa vyombo maalumu. Kamera yenyewe husoma mistari iliyochorwa barabarani ili imwonye dereva anapoacha njia yake. Katika barabara ya changarawe haina cha kusoma.

Hapa ndipo wajumbe wengi husimama na kusema kwamba basi magari mapya ni hasara tupu. Hukumu hiyo haina haki. Breki zisizokamata tairi lote kwa ghafla, mikanda ya viti na mifuko ya upepo huokoa maisha ya dereva, na dereva ni mtumishi wa chama mwenye watoto. Wala usahili wa gari si dhamana ya uimara wake katika ajali. Novemba 2018 shirika la Global NCAP lilitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa magari yanayouzwa Afrika. Nissan NP300 Hardbody, pikapu inayojulikana kwa ugumu wake shambani, ilipata nyota sifuri kati ya tano kwa ulinzi wa watu wazima, ingawa ilikuwa na mifuko miwili ya upepo, kwa sababu umbo la chumba cha dereva halikustahimili kishindo. Kwa hiyo anayepunguza mapambo asipunguze breki wala mikanda, na asidhani kwamba bodi nzito ndiyo salama. Matokeo ya majaribio ya namna hiyo hutangazwa hadharani, na katibu anaweza kuyasoma kabla ya kuonana na muuzaji.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu umeme hata kidogo, nalo huwagharimu wanachama kuliko yote. Pikapu ya mlango mmoja kila upande ina karai lenye urefu wa meta 2.3 hivi, ile ya milango minne ina karai la meta 1.5 hivi. Gari lenye uwezo wa kubeba tani moja hupokea magunia 16 ya kahawa safi ya kilo 60 kila moja, na kwenye karai refu magunia hayo hulala vizuri. Kwenye karai fupi hupandana hadi juu ya kichwa cha gari, na mlimani gari huyumba. Tena viti vitano huita abiria. Imeonekana mara nyingi kwamba gari lililoombewa fedha kwa ajili ya mazao, likiwa na viti vya ngozi na kipoza hewa, huishia kuegeshwa mbele ya ofisi huku mazao yakikodishiwa lori la mtu binafsi. Ikiwa bodi inahitaji gari la kusafiria kwenda mikutanoni, na iseme hivyo waziwazi, na wanachama walipigie kura kama lilivyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini viwanda vinazidi kutia mapambo katika gari la kazi. Sababu ni kwamba wanunuzi wenye fedha nyingi si wakulima. Nchini Marekani, tangu mwaka 1964 pikapu zinazoagizwa kutoka nje hutozwa ushuru wa asilimia 25, ushuru uliozaliwa na ugomvi wa biashara ya kuku baina ya nchi hiyo na Ulaya. Pikapu ndogo za bei nafuu kutoka nje zikawa ngumu kuuzwa huko, na zile kubwa za wenyeji zikageuka magari ya familia. Nchini Australia pia pikapu ya milango minne imekuwa gari la nyumbani. Anayelipia gari la nyumbani hutaka starehe, na kiwanda humpa.

Hata hivyo viwanda havijamsahau mnunuzi mwingine. Novemba 2023 Toyota ilizindua nchini Thailand pikapu iitwayo Hilux Champ, kwa bei ya kuanzia bahti 459,000, ikiwa na karai la bapa lenye matundu ya kufungia bodi yoyote atakayo mwenye gari, na gia za mkono kwa anayezipenda. Mnunuzi huweza kuchagua petroli au dizeli. Hata huko Marekani, Aprili 2025 kampuni iitwayo Slate ilionyesha pikapu ya umeme isiyo na redio, yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Sahili basi haimaanishi ya zamani, na chama hakilazimiki kununua gari lililochakaa ili kukwepa kompyuta.

Katika kuchagua, bodi ianze na fundi badala ya gari. Yupo nani katika wilaya anayeweza kulitengeneza? Je, anacho chombo cha kusoma makosa ya kompyuta ya gari la aina hiyo, au itabidi livutwe hadi mjini? Gharama ya kuvutwa kilometa 200 mara mbili kwa msimu inaweza kumaliza faida yote ya mafuta. Muuzaji aulizwe bei ya seti ya nozeli, ya bomba la dizeli, ya ufunguo wa pili na ya kioo cha mbele, na aulizwe pia vitu hivyo vinapatikana ghalani kwake au vinaagizwa kwa miezi. Mwenye kusita kutaja bei hizo amekwisha kujibu. Chama kilichoko kando ya barabara kuu, karibu na gereji ya wakala, kinaweza kabisa kuchukua gari la kisasa na kulifurahia. Chama kilichoko mwisho wa barabara ya mfinyanzi, ambako msimu wa mavuno hukutana na msimu wa mvua, kina hesabu nyingine, kwa kuwa siku tatu za gari kusimama huko ni siku tatu za mazao kulowa.

Maswali hayo na majibu yake yaandikwe, muuzaji atie saini, na karatasi hiyo iambatishwe na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ununuzi, ili mkaguzi na mwanachama yeyote atakayeiomba aione.