Si Kila Uvimbe wa Shingo ni Rovu

Lushoto na vijiji vya Usambara vinapata mvua nyingi, na mvua hiyo kwa karne nyingi imeosha madini joto kutoka kwenye udongo wa miteremko. Tezi ya thairoidi ikiyakosa hujitanua, ndipo rovu linapotokea. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kanuni za Tanzania zinataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Hata hivyo, mazoea ya kuliona rovu yana hatari yake: kila uvimbe wa shingo huweza kubandikwa jina hilo, mgonjwa akakaa nyumbani.

Shingo ina mengi. Kifua kikuu huvimbisha tezi za limfu, pengine bila kikohozi chochote. Saratani ya mdomo au ya koo huweza kujitokeza kwanza kama kinundu shingoni. Vidole vya daktari peke yake havitoshi kuyatofautisha.

Hapo ndipo sindano nyembamba inaposaidia, njia iliyotokana na ile ya kuvuta chembe kwa sindano ambayo daktari Hayes Martin na mwenzake Edward Ellis waliieleza New York mwaka 1930. Unene wa sindano ya sasa kwa kawaida hauzidi milimita 0.7. Daktari husafisha ngozi, huushika uvimbe usiteleze, huchoma na kuvuta bomba huku akiisogeza sindano mbele na nyuma. Chembe zinazopatikana hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Hakuna mshono, wala kulazwa. Usaha ukitoka, mashine ya GeneXpert huweza kuonyesha vimelea vya kifua kikuu kwa takriban saa 2. Vioo vilivyohifadhiwa kwa spiriti vinaweza kuteremshwa kupitia Mombo, chini ya milima, hadi maabara ya mbali, mgonjwa akibaki kwake.

Kipimo hiki kina mipaka. Sindano huonyesha matofali, si ukuta: baadhi ya vivimbe vya thairoidi na saratani za limfu huhitaji kipande kizima cha nyama ili kujulikana. Kwa hiyo jibu la “hakuna saratani” halimalizi kazi ikiwa uvimbe unaendelea kukua. Hofu kwamba kuchoma uvimbe kunasambaza saratani isimzuie mtu. Kwa sindano nyembamba jambo hilo ni nadra mno.

Uvimbe wa shingo ukidumu zaidi ya wiki 3, usiupake dawa wala kuukanda. Nenda hospitali, uulize kuhusu kipimo cha sindano.