Mlo wa Mchana Mlimani Andechs (Sehemu ya Tatu)

Andechs ni nyumba ya watawa Wabenedikto yenye kiwanda chake cha bia, juu ya kilima kilichoko kusini-magharibi mwa jiji la Munich, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Kilima hicho kina urefu wa mita 711 juu ya usawa wa bahari, na chini yake limetanda ziwa Ammersee. Wabavaria hukiita Mlima Mtakatifu, kwani mahujaji walikipanda tangu Zama za Kati, kabla hata mtawala Albrecht wa Tatu hajaanzisha nyumba ya watawa mwaka 1455. Siku hizi wapandaji wengi ni makundi ya marafiki kutoka mjini, na wakati wa theluji hawapungukiwi na sababu ya kwenda.

Safari huanzia Herrsching, kituo cha mwisho cha treni ya S8 itokayo Munich. Kutoka hapo njia hufuata bonde la Kiental, kando ya kijito cha Kienbach, chini ya miti mirefu iliyopukutika majani. Mpando wenyewe hauzidi sana mita 180, na mwenye afya huumaliza kwa muda wa saa moja hivi. Kazi iko kwenye ardhi. Katikati ya njia theluji imeshindiliwa na nyayo za waliotangulia mpaka imekuwa barafu inayong'aa. Wenye uzoefu hutembea pembeni, pale majani makavu yanapochomoza na soli ya kiatu ikapata pa kushika. Mazungumzo hukatika, kila mmoja akitazama anapokanyaga, kisha hurudi pale mnara wa kanisa unapoonekana juu ya miti. Kanisa lenyewe linastahili dakika chache kabla ya kula: humo amezikwa Carl Orff, mtunzi wa muziki wa Carmina Burana, aliyefariki mwaka 1982.

Njaa inayompata mtu baada ya matembezi ya namna hii ina sababu. Misuli imetumia sukari iliyohifadhiwa mwilini, na sehemu ya nguvu imetumika kulinda joto la mwili. Ndiyo maana mlo wa Kibavaria wa majira haya haukubali kuwa mwepesi, na kuuita ulafi ni kutouelewa. Wengi hutanguliza mchuzi wa moto wa nyama ya ng'ombe wenye donge la maini, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi hupata uhai kwanza kwa kushika bakuli. Kisha huja mguu wa nguruwe, sehemu ya muundi, uliochomwa polepole hadi nyama iachane na mfupa. Sifa yake iko kwenye ngozi: mafuta ya chini yameyeyuka, ngozi imevimba na kukauka, na kisu kikiigusa hulia kama ukoko wa wali. Pembeni huwekwa donge la viazi la kufyonzea mchuzi na kabichi iliyochachushwa, ambayo ukali wake hukata mafuta. Asiyetaka nyama huchukua jibini laini iliyopondwa pamoja na siagi, pilipili ya paprika na kitunguu, akaila kwa brezen, mkate uliosokotwa kama fundo.

Bia ya hapa nayo ni mtoto wa baridi. Hamira ya bia ya laga hufanya kazi katika ubaridi wa nyuzi kama 7 hadi 13 za Selsiasi, kisha huzama chini ya pipa, na bia huachwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri ili itulie na kusafika. Kabla ya majokofu, hali hiyo ilipatikana majira ya baridi tu. Bia iliyopikwa kiangazi iliharibiwa na vijidudu, hata amri ya mwaka 1553 ikakataza kupika bia Bavaria kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba. Watengenezaji walikata barafu maziwani, wakaijaza katika maghala ya chini ya ardhi, na juu yake wakapanda michestnati ili majani yake mapana yatie kivuli. Katika miaka ya 1870 mhandisi Carl Linde alitengeneza mashine za kupoza kwa ajili ya viwanda vya bia, na laga ikapata njia ya kupikwa popote. Laga zinazopikwa leo Nairobi na Dar es Salaam ni za ukoo huohuo uliolelewa na barafu.

Bia inayosifika zaidi Andechs ni doppelbock nyeusi, yenye kilevi cha asilimia 7.1, ilhali laga ya kawaida huwa na takriban 5. Kimea chake ni kingi, na ladha yake hukumbusha ganda la mkate na sukari iliyoungua. Aina hii ya bia huhusishwa na Kwaresima. Watawa wa Paulaner wa Munich walipika bia nzito ya kuwategemeza walipokuwa wamefunga chakula, kwa hoja kwamba kinywaji hakivunji mfungo.

Hapa mpangilio wa siku una umuhimu mkubwa: bia hunywewa baada ya matembezi, si njiani. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu yenye joto huja juu, uso ukapamba moto, na mtu akadhani amepata joto, kumbe lile la viungo vya ndani ndilo linalomtoka. Ndani ya ukumbi wenye joto, tumbo likiwa na chakula, hasara hiyo ni ndogo. Msituni ni hatari. Kwa sababu hiyo tahadhari ni kunywa kidogo hata mezani, maana njia ya kushuka ina barafu ileile. Kikombe cha kawaida cha Kibavaria hubeba lita nzima, na lita ya doppelbock humlegeza mtu magoti. Asiyekunywa pombe huagiza juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi, naye hugonganisha glasi na wenzake.

Kugonganisha huko kuna adabu yake: mtu humtazama mwenzake machoni anapotamka neno «Prost», mmoja baada ya mwingine, hadi meza yote iishe. Meza ni ndefu na wasiofahamiana hukaa pamoja. Anayefika huuliza kama nafasi iko wazi, kisha huketi. Viatu vilivyolowa hutoa mvuke chini ya benchi, na habari za njiani, nani aliteleza na nani alimshika mkono, husimuliwa upya kwa kirefu.

Mwezi Desemba jua la huko huzama mnamo saa kumi na dakika ishirini jioni, na bondeni giza hutangulia. Kundi lililoketi saa sita mchana huwa na muda wa kutosha wa kula bila haraka, lakini saa tisa hulikuta limeshafunga makoti. Njia ya kurudi Herrsching ni mteremko mtupu, na treni ya Munich husubiri kandokando ya ziwa.