Pikapu yako inaweza kuvuta trekta, lakini je, inaweza kulisimamisha?

Tumchukue mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni aliyepata trekta la mtumba mjini Iringa. Ni Massey Ferguson 240, bei imeafikiana na mfuko wake na injini inawaka bila kusukumwa. Nyumbani anayo Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, ambayo imembebea vitunguu misimu kadhaa, na fundi mmoja yuko tayari kumwazima tela. Mwenye Fuso ametaja nauli iliyomkera. Jirani yake naye anamtia moyo: hiyo Hilux inavuta hata nyumba.

Jirani hajasema uongo. Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia ndogo, barabara tambarare, itaondoa mzigo mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tatizo ni kwamba kati ya Iringa na Ruaha Mbuyuni upo Mlima Kitonga, na mkulima wetu anaushuka, haupandi. Swali la kujiuliza kabla ya kufunga tela si kama gari litavuta. Ni kama litausimamisha mzigo huo kwenye kona, nyuma ya lori lililoharibika katikati ya mlima.

Uzito usioonekana

Trekta la aina hiyo lina uzito wa karibu tani mbili likiwa peke yake. Lakini ni nadra kununua trekta peke yake. Muuzaji ameongeza plau ya sahani tatu, nayo ni kilo 300 hadi 400. Tela la chuma linaloweza kubeba trekta lina kilo 500 hadi 700 likiwa tupu. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi husahau kuuliza: wakulima wenye mashamba makubwa hujaza maji kwenye matairi ya nyuma ili trekta lisiteleze wakati wa kulima. Kila tairi linaweza kuchukua zaidi ya lita 100, na kila lita ni kilo moja. Gonga tairi kwa fimbo au fungua valvu ikiwa chini, utajua.

Ukijumlisha, mtu aliyeondoka nyumbani akidhani anakwenda kuvuta tani mbili anajikuta na tani tatu zimemfuata mgongoni. Uzito wa pikapu yake ikiwa na watu na mafuta ni kama tani mbili tu. Mzigo umemzidi mbebaji.

Mtengenezaji ameruhusu kiasi gani? Jibu liko kwenye kitabu cha gari, na wakati mwingine kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Magari mengi ya mtumba yametufikia bila kitabu, au na kitabu cha Kijapani, hivyo itabidi kumuuliza wakala wa aina hiyo ya gari ukimpa namba ya chesisi. Usiridhike na jibu la kijiweni kwamba Hilux ni Hilux. Baadhi ya matoleo mapya ya Hilux na Ford Ranger yameruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500. Pikapu za miaka ya 1990 ziko chini sana ya hapo. Na hizo kilo 3,500 ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, kiwango kinachoandikwa kwa pikapu nyingi ni kilo 750 tu, iwe mpya au ya zamani.

Hapo ndipo shauri la mkulima wetu lilipaswa kuishia. Tela nyingi zinazochomelewa kwa mafundi wetu, kwa ekseli iliyotolewa kwenye gari bovu, hazina breki. Inama chini utazame nyuma ya magurudumu. Kama huoni waya, bomba wala mtambo wa kukaza breki pale shingo ya tela inapoungana na gari, ujue kazi yote ya kusimamisha imeachiwa pikapu.

Joto la Kitonga

Tufanye hesabu ndogo. Pikapu ya kilo 2,200 ikivuta kilo 2,600 ni kilo 4,800 kwa pamoja. Kwa kila mita 100 ambazo mzigo huo unashuka, nguvu inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha karibu lita 14 za maji ya bomba. Ukishuka mita 300 umechemsha ndoo mbili kubwa. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na injini na upepo, iliyobaki inakwenda kwenye breki za pikapu, ambazo zilitengenezwa kwa gari na tani yake moja.

Breki zikipata moto kupita kiasi, mambo mawili hutokea. Viatu na pedi hupoteza ukali wake, unakanyaga lakini gari halishiki. Kisha mafuta ya breki huanza kuchemka. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzijoto 205 au zaidi, lakini hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba na pedali huzama hadi sakafuni. Ni nani kati yetu anayekumbuka lini alibadilisha mafuta ya breki? Huwa tunaongeza tu.

Ndiyo maana madereva wazoefu wa malori hushuka mlima kwa gia ileile ambayo wangepandia, na hukanyaga breki kwa vipindi badala ya kuilalia. Kuna wenye magari madogo ambao huweka gia huru kwenye mteremko ili kubana mafuta. Ukiwa na tela, huko ni kujitafutia msiba. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu ya kusimamisha inaongezeka mara nne, si mara mbili.

Kwenye kona kuna hatari nyingine. Pikapu ikifunga breki na tela likaendelea kusukuma, huielekeza sehemu ya nyuma ya gari pembeni hadi viwili hivyo vijikunje kama kisu. Hali hiyo haimpi dereva nafasi ya pili.

Ukiwa na tela lenye breki

Tuseme pikapu yako imeruhusiwa na tela lina breki nzima. Bado kuna mambo ya kukagua, na la kwanza ni mahali trekta litakapokaa. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela inatakiwa ikae kwenye kiunganishio cha gari. Ikipungua, tela hucheza mkia barabarani. Ikizidi, pua ya pikapu huinuka na usukani huwa mwepesi. Kwa tela la kilo 2,600 ni kilo 260 hivi. Mzani wa kupimia magunia sokoni unaweza kukusaidia: weka shingo ya tela juu yake kwa gogo, tela likiwa limelala sawa, kisha sogeza trekta mbele au nyuma hadi upate. Kumbuka kwamba kilo hizo 260 zimekwisha kuwa mzigo wa pikapu. Usipakie tena magunia ya mbolea bodini kwa kuwa nafasi ipo.

Tazama pia namba zilizoandikwa ubavuni mwa matairi ya tela. Tairi lenye namba 91 hubeba kilo 615, lenye 112 hubeba kilo 1,120. Matairi mawili ya gari dogo hayawezi tani mbili na nusu, hata yakiwa mapya. Trekta lenyewe lifungwe kwa minyororo pembe nne, lishushwe gia na handibreki, na minyororo mingine miwili ipite chini ya shingo ya tela kwenda kwenye chesisi ya pikapu, isije ikachomoka njiani. Taa za nyuma ziwake, na tela liwe na namba yake ya usajili. Kabla ya safari iulize kampuni ya bima, kwa maandishi, kama kinga yako inahusu mzigo huo.

Si kila mtambo unahitaji mjadala huu. Pawatila, ambazo ziliingia kwa wingi wakati wa Kilimo Kwanza iliyozinduliwa mwaka 2009, huwa na kilo 400 hadi 500 na hukaa bodini mwa pikapu vizuri. Mashine ya kupukuchua mahindi yenye magurudumu ni nyepesi, ila magurudumu yake ni ya shambani, hayana springi, na beringi zake huungua ukikimbia lami. Ipandishe bodini pia.

Kwa mkulima wetu wa Ruaha Mbuyuni, hesabu inarudi kwa mwenye Fuso. Aachane na bei ya kwanza. Aulize magari yaliyopanda na mbolea au bidhaa za dukani na yanayotarajia kushuka bila mzigo. Nje ya msimu wa mavuno huwa rahisi kuelewana. Atafute kingo ya udongo yenye kimo cha bodi ili trekta liingie bila winchi. Maji ya matairi ayamwage Iringa. Plau, betri na mafuta ya akiba apakie kwenye Hilux, kisha ashuke Kitonga nyuma ya Fuso, kwa gia ya pili, akiliangalia trekta lake.