NYOKA WA MAWE WA WAFALME WA ANGKOR

Wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu, tukisikia neno "nyoka" mara moja tunafikiri Mwanzo sura ya 3. Njo maana mtu akiona picha za Angkor, kule Kambodia, anaweza kusema upesi: "Hawa watu walimwabudu Shetani!" Ngoja kwanza. Wakhmer waliojenga pale hawakusoma Mwanzo. Nyoka wao anaitwa naga, na kazi yake ni ingine kabisa. Hata katika Biblia yetu nyoka hana maana moja tu: soma habari ya nyoka wa shaba wa Musa, Hesabu 21. Kusoma alama ya watu siyo kuiabudu.

Basi naga ni nani? Ni mwenye maji na mwenye udongo. Wakhmer walisimulia kwamba zamani mgeni mmoja, Kaundinya, alifika kwa mashua akamwoa Soma, binti ya mfalme wa managa. Kiisha baba mkwe akanywa maji yaliyofunika inchi, udongo ukaonekana, akawapa watawale. (Kwetu mume njo anatoa mali. Kule ni baba ya binti aliyetoa inchi nzima!) Wafalme walijivunia kutoka katika ndoa ile. Kwa hiyo kuweka naga mbele ya hekalu ilikuwa sawa na kusema: inchi hii ni yangu kwa haki.

Tena tusisahau mchele. Kule mvua inanyesha karibu nusu ya mwaka, nusu ingine ni jua kali. Mfalme asiyejua kuchunga maji, watu wake watalala njaa. Wafalme wa Angkor walichimbisha mabwawa makubwa ajabu. Lile la magharibi lina urefu wa kilometa 8 na upana wa kilometa 2.

Sasa tuangalie mawe yenyewe. Mwili wa naga unalala kando ya njia, huku na huku, kama ukingo wa daraja. Mwishoni anainua vichwa vyake vilivyotanuka kama kipepeo cha mkono: vitano, saba, ao tisa, siku zote hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Kwenye hekalu la Bakong, la mwaka 881, analala chini udongoni. Nyuma wajenzi walimpandisha juu ya nguzo fupi. Kwa Angkor Wat, iliyojengwa na Suryavarman II katika karne ya 12, unavuka mfereji wa maji wenye upana wa metre 190 mbele ya kufika. Upande huu ni wa watu, upande ule ni wa miungu. Mtaalamu Mfaransa George Coedès alieleza kwamba naga ya ukingo ni upinde wa mvua, daraja kati ya dunia na mbingu.

Mfalme Jayavarman VII, aliyeanza kutawala mwaka 1181, alizidisha. Kwenye milango ya mji wake Angkor Thom, miungu 54 upande mmoja na mashetani 54 upande wa pili wameshika nyoka, kama wanafunzi wanaovuta kamba siku ya michezo. Ni hadithi ya Wahindi: walimzungusha nyoka kwenye mlima, wakasukasuka bahari ya maziwa, sawa mama anavyotikisa kibuyu mpaka siagi itoke. Wao walitafuta dawa ya kutokufa.

Mchina Zhou Daguan, aliyefika Angkor mwaka 1296, aliandika habari ingine aliyoisikia kwa wenyeji. Katika mnara wa zahabu wa jumba la mfalme kuna roho ya nyoka wa vichwa tisa, mwenye inchi yote, anayetokea kila usiku kama mwanamke. Mfalme lazima apande kwake mbele ya kwenda kwa wake zake. Mfalme akikosa usiku mmoja, hasara inakuja. Nyoka asipotokea, siku ya mfalme kufa imefika. Kumbe hata mfalme alikuwa na bwana wake!

Na mpaka leo, katika arusi za Wakhmer, bwana arusi anashika ncha ya kitambaa cha bibi arusi na kumfuata nyuma, kwa kukumbuka yule mgeni aliyeongozwa na binti ya naga mpaka kwa baba yake, chini ya maji.