60K ya Nai ama 45K ya Nax?

Kila msimu wa kumada campo mambo huwa ni yale yale. Joho zimerudishwa, mapicha zimewekwa stetasi, halafu wasee wanaanza kuitwa mboka mmoja mmoja. Kwa grupu swali ni moja tu: "Wanalipa ngapi?" Mtu akisema 60K ya Nairobi, emoji za moto zinamiminika. Mwingine akisema 45K na iko Nakuru, anaambiwa "si mbaya, ni pa kuanzia," kwa ile sauti ya kupea mtu pole.

Manze, hiyo 60K haitawahi kukutana na wewe. Ni namba ya karatasi. Doo yako ni ile inabaki serikali ikishachota, landilodi akishachota, konda akishachota na mathe wa kibandaski akishapima yake. Acha tupige hesabu pole pole, na msee wa kubuni: ako na digrii, hana mtoi, hana ndai, ako na deni ya HELB, na ameshikilia ofa mbili. Moja ni 60K, ofisi iko Upper Hill, Nairobi. Ingine ni 45K, ofisi iko tao Nakuru.

Wa kwanza kumanga ni serikali. Kwa viwango vya 2025, NSSF inakata asilimia 6. SHIF, ile ilikuja Oktoba 2024 ikachukua nafasi ya NHIF, inakata 2.75. Ushuru wa nyumba unakata 1.5. Hizo zote zinapigwa juu ya mshahara mzima. Yenye imebaki ndio PAYE inaingilia: 24,000 ya kwanza asilimia 10, 8,333 inayofuata asilimia 25, kutoka hapo kwenda juu, kwa mishahara ya saizi hii, ni asilimia 30, halafu unarudishiwa nafuu ya 2,400.

Toa simu ufanye hiyo hesabu mwenyewe. 60K inatua ikiwa kama 45,300. 45K inatua ikiwa kama 35,900. Umecheki hapo? Kwa barua za ofa hizi mboka zimepishana 15,000. Kwa akaunti zimepishana 9,400. Ukishafika kwa ile ngazi ya asilimia 30, kila soo unaongezwa inaingia mfukoni ikiwa 63. Kwa hivyo msee akikushow "Nai wanaongeza 15," mwambie ni tisa na chenji, na bado hatujalipa keja.

(Kuna ofa zingine zinakuja na jina la konsaltanti. Hakuna NSSF, hakuna PAYE, unakatwa asilimia 5 tu na unaona umeuma. Tulia. Hiyo asilimia 5 ni ya kuanzia, KRA bado inangoja ujaze marejesho kabla ya Juni 30, na hapo ndio utajua haukuwa umeuma.)

Sasa keja. Kanairo iko na sheria moja haijaandikwa popote: doo usiyompea landilodi utampea konda. Ukitaka kuishi karibu na Upper Hill, unaongea na watu wa Madaraka na Nairobi West, na bedsita ya huko inaweza kukula theluthi ya hiyo 45,300 bila kupepesa. Ukihepa hadi Ronga ama Juja, keja inashuka, lakini sasa unaamka na majogoo na nauli inapanda. Kawangware na Kibra ziko karibu, na wasee wengi wameanzia huko wakaomoka, sitaki kuskia mtu akizidharau. Ila msee wa campo na ile luku yake mara nyingi anaangukia Thika Road: Zimma, Roysambu, Kahawa West. Tuseme amepata bedsita Zimma ya 11,000. Ongeza soo tano za maji na takataka, na thao moja ya tokeni za stima.

Zimma hadi tao asubuhi, weka 80. Tao hadi Upper Hill, weka 50, ama ukate miguu uokoe hiyo finje na ufike na jasho. Jioni ni vivyo hivyo, na hiyo ni siku ya jua. Matone matatu yakigusa lami, konda anatangaza "soo na finje, soo na finje," na hakuna wa kubishana naye kwa sababu laini imefika hadi kona. Tukikubaliana 260 kwa siku, mara siku 22 za mboka, ni kama 5,700 kwa mwezi. Hiyo ni karibu keja nzima ya mahali pengine.

Mahali pengine kama wapi? Kama Nax. Nakuru ilipewa cheti cha siti Desemba 2021, na usidhani landilodi hawakuskia hiyo habari. Keja zimepanda. Lakini hata hivyo, msee akizunguka Section 58, Free Area ama Kiti na miguu yake, si kwa matangazo ya mtandao, bedsita ya 6,500 inaweza kupatikana. Ongeza maji soo tatu, tokeni mia nane. Nauli? Kutoka Section 58 hadi tao ni mwendo wa kutembea ukiskiza podikasti. Weka 1,500 kwa mwezi ya zile siku za mvua na za kuchelewa.

Msosi nao uko na siri yake. Viazi za Molo na Nyandarua hazina safari ndefu kufika soko la Nakuru, na sukuma inatoka shamba za hapo karibu. Vitu hivyo hivyo kufika Nairobi vinapanda lori, vinapitia broka, vinapimwa upya, halafu mama mboga wa Zimma anaweka yake juu. Lakini pesa haswa haipotelei kwa supa, inapotelea lanchi. Upper Hill ukitafuta kibandaski vizuri utapata chapo dondo na chai kwa kama 200, na kila siku kuna koliigi anasema twende pale kwa hoteli yenye meza ya glasi. Tuseme ukakataa, ukabaki na mathe wako wa kibandaski: 4,400 kwa mwezi. Nax weka 120 kwa siku, 2,600. Dina na shopping: 7,000 Nai, 5,500 Nax. Gesi ya meko na wifi ni 2,900 kote kote.

Jumlisha. Msee wa Nairobi anatumia 32,500 na kubaki na 12,800. Msee wa Nakuru anatumia 20,100 na kubaki na 15,800. Yule alipewa pole kwa grupu anamshinda yule wa emoji za moto na thao tatu kila mwezi, na hakuna aliyeenda sherehe bado.

Najua kuna mjuaji atasema bei zangu si za kwake. Sawa. Weka zako, mimi nimetumia za kawaida na nimemnyima msee wetu raha zote. Ila ukibadilisha, badilisha pande zote mbili, usiweke bei ya Milimani Nakuru halafu ulinganishe na singo ya Pipeline ya Embakasi.

Na usilinganishe kwa asilimia. Linganisha shilingi zenye zimebaki, kwa sababu kuna vitu haviulizi unaishi wapi. Laptopu ni bei ile ile. Bando ni ile ile. HELB haina bei ya Nakuru: mwaka mmoja baada ya kumada wanaanza kukudai, riba ni asilimia 4, na ukijifanya hauko, faini ni 5,000 kwa mwezi. Tuseme unalipa 4,000. Wa Nai sasa ako na 8,800, wa Nax ako na 11,800. Hapo ndipo mathe anapiga simu kutoka ocha, na sista yako ako fomu tatu na karo haijakamilika. Yule wa 60K anaombwa zaidi, kwa sababu kijiji nzima imeskia "anafanya kazi Nairobi." Hiyo ni gharama ya maisha pia, hata kama hakuna mtu huiandika kwa karatasi.

Halafu kuna masaa. Zimma kwenda Upper Hill na kurudi, na ile jamu ya jioni, kula saa tatu kwa siku si ajabu. Mara siku 22 ni saa 66, yaani kama siku nane za kazi umekaa kwa mat ukiangalia shingo ya mtu. Hizo masaa yule wa Nax anaweza kufunza mtoto wa jirani hesabu, kufanya kazi za mtandaoni, ama kulala. Kulala nako ni kitu, usicheze.

Kitu chenye huangusha wasee mapema hata kabla ya nauli ni mwezi wa kwanza. Landilodi anataka deposi na kodi kwa mpigo: 22,000 Zimma, 13,000 Nax. Bado godoro, bado mtungi wa gesi, bado sufuria na pazia. Na mshahara unakuja mwisho wa mwezi. Ukianza mboka tarehe 18 na wahasibu walishafunga orodha ya malipo tarehe 15, utalipwa mwezi ujao, na hiyo ni wiki sita za kukopa. Uliza hiyo tarehe mapema, haina aibu. Ukiwa na anti Umoja ana kochi, kaa kwake miezi miwili mitatu, nunua unga na mafuta, osha vyombo bila kuambiwa. Hiyo kochi ni mtaji kuliko ofa yoyote.

Lakini sitakudanganya eti Nairobi ni ufala. Kuna mboka haziko kwingine. Ukiwa umesomea mambo ya matangazo, diplomasia, benki kubwa, ama programu za kompyuta zile za makampuni makubwa, mabosi wako huko, na mboka yako ya pili utaipata kwa kujuana na watu wa ile ya kwanza. 45K ya Nax inaweza kubaki 45K kwa miaka mitatu kama kampuni ni ndogo na aliye juu yako ndio mwenyewe. Nai mtu anaweza kuruka kutoka 60K hadi 90K kwa kubadilisha jengo. Kama iko hivyo kwa fani yako, thao tatu kwa mwezi ni karo ya kulipa, lipa. Lakini uwe na uhakika ni hivyo: tafuta watu watatu walio mbele yako miaka mitatu kwa hiyo fani, uwaulize walipanda vipi. Nax nayo iko na mahospitali, sako, kaunti, viwanda vya unga na maziwa, na Naivasha iko na maua na mvuke wa Olkaria. Msee wa kilimo ama wa stima za mvuke akikimbilia Nai anakimbia kazi yake.

Serikali yenyewe inajua hii maneno. Mfanyakazi wa umma wa Nairobi hupewa marupurupu ya nyumba ya juu kuliko mwenzake wa daraja lile lile akiwa mji mdogo, na viwango vya mshahara wa chini vya kisheria huwa juu Nairobi, Mombasa na Kisumu kuliko mashinani. Kampuni nyingi za kibinafsi zinakupea namba moja na kunyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akupe makao ama doo ya kutosha kulipia makao, kwa hivyo unaweza kuuliza kwa heshima: kwa hii 60K, ya nyumba ni ngapi?

Namba ya kuitisha iko. Ili msee wa Zimma abaki na zile zinabaki na mwenzake wa Nax, anahitaji kama thao tatu zaidi mkononi, na kwa sababu ya ile hesabu ya 63 kwa kila soo, hiyo ni kama 65K kwa barua ya ofa. Chini ya hapo unalipia jina la jiji. Wakisema bajeti imeisha, itisha siku mbili kwa wiki za kufanyia mboka kejani. Siku mbili kati ya tano zinakata nauli ya kama 2,300 na lanchi ya kama 1,800 kwa mwezi. Hata ukitoa doo ya kupika ugali kejani, unakaribia zile thao tatu, na hiyo doo haikatwi na mtu, haina PAYE wala SHIF.

Wakikataa 65K, wakatae na siku za kejani, na fani yako iko na watu Nakuru, saini ile ya 45K. Na ukifika Nax usilipe deposi kabla haujalala hapo usiku mmoja uskie kilabu ya jirani inafunga saa ngapi.